Mwekezaji Aliyezungumza na Pazia

Mie nikianza kusimulia mkate wa sinia sinyamazi, kwa hivyo kaeni vizuri. Kuna huo unaouzwa madukani siku hizi, umefungwa plastiki, ukiubonyeza unabonyea kama mto wa kulalia. Wangu haukuwa hivyo. Wangu ukiukata unaona vijitundu vimesimama wima, na iliki inanukia mpaka nyumba ya tatu. Mchele nauroweka jioni, asubuhi nausaga na tui zito, natia sukari na hamira, nauacha uumuke kwa raha zake, kisha namimina kwenye sufuria. Makaa chini kidogo tu. Juu ya kifuniko ndo unapalia makaa mengi, mpaka uso wa mkate uwe mwekundu. Nimefanya hivyo miaka mingi, uani kwangu hapa Ziwa la Ng'ombe, na mume wangu ndiye aliyekuwa akiuza mlangoni.

Mume wangu alikuwa kuli bandarini mpaka mgongo ulipomkatalia. Baada ya hapo akawa mtu wa nazi. Akishaswali alfajiri anasukuma kimkokoteni chake mpaka soko la Kongowea, anachagua nazi moja moja, anazitikisa sikioni kama mtu anayesikiliza siri. Anarudi, ananikunia, na mkate wa kwanza ukitoka yeye ndo wa kuonja, na chai ya rangi. Hakuwa mtu wa sifa. Ukiumuka vizuri anakula kimya. Usipoumuka anautazama sana, kisha ananambia, "Huu leo umenuna." Basi mie nacheka mpaka wateja wanasikia huko nje.

Tulikuwa hatutajiriki wala hatulali njaa. Mwanangu yuko Saudia, dereva, akipata analeta, akikosa hapigi simu. Mke wake, mkaza mwanangu, nakaa naye hapa hapa, na ndiye aliyekuwa akinisaidia kuosha masufuria. Hiyo ndo ilikuwa biashara yetu nzima.

Sasa huyu mwekezaji alitokea harusini. Nilipewa kazi ya mikate kwenye harusi moja huko Bamburi, na katika wageni kulikuwa na bwana mmoja wa bara, mtu mzima, kichwa hakina nywele hata moja, akala kipande, akala cha pili, akauliza nani kapika. Nikaitwa. Nikajua nimefanya kosa, labda kakuta jiwe. Kumbe anataka kunijua. Akaniambia alikuwa mtu wa benki Nairobi, sasa kastaafu, kaja kuishi pwani, na kazi yake siku hizi ni kutia pesa zake mwenyewe kwenye biashara ndogo ndogo za watu. Kuna seremala kamtilia huko Changamwe, kuna mama wa sabuni za nazi kamtilia Likoni. Mie nilicheka. Nikamuuliza, una watoto wewe? Akasema anao. Nikamwambia, basi pesa wape wao.

Lakini alikuja. Wallahi alikuja mpaka nyumbani, na msichana mmoja wa kazini kwake, mchangamfu, viatu vyake vina mwiba nyuma, vinazama kwenye mchanga wa uani. Akaniita shosho. Nikamwambia, mwanangu, mimi si shosho, shosho wako umemwacha huko bara, hapa mie ni nyanya. Akacheka, na tangu siku hiyo akaniita nyanya, na tukapendana.

Mie nilimwambia yule bwana kabla hata hajakunywa chai, kwamba kama ni mkopo arudi na pesa zake. Vikundi vya kina mama vimenijia mara ngapi na mikopo yao, nimekataa. Riba mie siitaki. Nimeshazeeka, sitaki kwenda huko mbele ya Mungu nikaulizwa mambo ya benki. Naye akaweka kikombe chini, akanieleza taratibu, kwa Kiswahili chake cha bara kilekile, lakini alieleweka.

"Mama, hili si deni," akasema. "Nikitia pesa zangu, sehemu ya biashara inakuwa yangu. Tukipata, tunagawana. Tukikosa, tumekosa wote, wala sikudai kitu."

"Na ukikosa hutokuja kunichukulia kitanda?"

"Nitachukua nilichonunua mimi. Kitanda ni chako."

Mume wangu aliinuka. Alichukua kofia yake akaenda kumuuliza mwalimu wa msikiti. Aliporudi alikuwa anatabasamu, jambo ambalo kwake lilikuwa la nadra. Akasema mwalimu kasema huo ni ushirika, hata wazee wa zamani walikuwa wakifanya, haramu hakuna, maadamu hasara ni ya wote kama faida ilivyo ya wote. Basi tukakubali. Na kabla hajaondoka yule bwana akanambia maneno ambayo niliwasimulia watu mtaa mzima. Akasema, "Mama, mimi pesa siweki kwenye mkate. Naweka kwako." Nilihisi nimevikwa dhahabu.

Sikujua kuwa na rafiki mwenye pesa kuna kazi yake. Kwanza jiko la uani halikufaa. Hoteli hazinunui mkate uliopikwa mahali penye kuku, watu wa afya wa kaunti hawatoi cheti. Basi akakodi chumba huko Bamburi, kina vigae mpaka ukutani, akanunua tanuri la gesi limenizidi kimo. Akanivisha koti jeupe na kofia ya wavu. Mume wangu aliponiona akasema nimekuwa daktari wa meno. Yule msichana akanifundisha kutenga pesa ya biashara na pesa ya nyumbani, jambo ambalo mie nilikuwa nikilifanya kwa mifundo ya kanga, fundo la kulia na fundo la kushoto, lakini nikamwacha anifundishe, alikuwa anafurahi. Na yule bwana mwenyewe akanipeleka hoteli kwa hoteli, kwa wapishi wakubwa, akisimama nyuma yangu mikono mfukoni huku mie ndo nazungumza. Hayo yote hakulipwa. Ndo kazi ya mwekezaji, alinambia, pesa peke yake ni nusu tu, nusu nyingine ni kumshika mtu mkono.

Na pesa zenyewe zilikuwa za mafungu mawili. Alinipangia vikombe viwili mezani kunionyesha. Kikombe cha kwanza ni chake, hicho ndo cha chumba na tanuri na cheti. Kikombe cha pili kinakuja baadaye, na hicho si chake peke yake, ni chake na cha Wazungu wawili, rafiki zake wa zamani wa kazini. Hicho ndo cha mchele na nazi na gesi na mishahara, mpaka hoteli zianze kulipa, kwa sababu hoteli, sikwambii, mkate inakula leo na pesa inatoa ikikumbuka. Bila kikombe cha pili, hata cha kwanza hakina maana. Nilielewa. Nilielewa vizuri sana.

Basi majiko yangu ya makaa nikayagawa. Wateja wa mlangoni nikawaambia mkate sasa uko Bamburi, wakanipongeza. Tukaanza, mie, mkaza mwanangu na wanawake wawili wa hapa mtaani. Tanuri likatutesa, maana gesi haipalii, inapika kote sawasawa. Siku ya kwanza mume wangu aliletewa kipande chake, akala, akatafuna, akatafuna, akasema, "Huu umepikwa na serikali." Tulicheka mpaka yule msichana akaja mbio kuuliza kuna nini. Lakini tukalijua tanuri, tukajua moto wa juu uwashwe lini, na hoteli zikaanza kuagiza, na Wazungu wakaambiwa, wakasema wanakuja kuona.

Hapo ndo mume wangu alipokufa.

Ilikuwa alasiri. Alikuwa anaswali chumbani, akasujudu, akachelewa kuinuka. Mie nilikuwa mlangoni na nguo za kukunja, nikangoja amalize.

Haya. Nyinyi msiojua eda niwaambie. Mwanamke akifiwa na mumewe anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki. Hapaki wanja wala hina, hatii manukato, hajipambi, na mwanamume asiye nduguye hamuoni. Anakaa na huzuni yake na tasbihi yake. Na wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, akahamia kwangu na mkoba wake na godoro lake, akalitandika mlangoni pa chumba changu, akakaa hapo. Wifi yangu ni mwanamke mwembamba, lakini ukimkuta mlangoni hupiti. Hata paka alikuwa akisita kwanza.

Mkate ulibaki na mkaza mwanangu. Alikuwa anakuja jioni ananisimulia, na mie namwelekeza huko huko kitandani, tia hivi, punguza vile. Mikate ilikuwa inatoka vizuri. Msije mkadhani mkate uliharibika kwa sababu mimi sipo. Mkaza mwanangu ana mkono mzuri kuliko wangu, nilishamwambia mara nyingi. Haukuwa mkate.

Yule bwana alikuja matangani. Alikuja na kofia ya kuazima, akaleta mchele na sukari, akakaa na wanaume kwenye jamvi, akainua mikono walipoomba dua ingawa yeye wa kanisani. Hata wifi yangu akasema, huyu mtu wa bara ana adabu. Nikajisemea, huyu ndo mshirika. Mshirika anangoja. Mtu akifiwa biashara inangojwa, kwetu hilo halisemwi, liko hivyo. Akija mwenye duka ukamwambia fulani yuko edani, anafunga daftari lake anaenda zake. Mie sikufikiria kumuuliza kama na kwao ni hivyo.

Alipokuja tena zilikuwa zimepita wiki kadhaa. Akaketi ukumbini, mie niko chumbani, katikati pazia, na wifi yangu pale pale chini mlangoni, anachagua mchele. Yule msichana yeye akaingia ndani, mwanamke mwenzetu, akanikumbatia, akakaa kitandani kwangu akanishika mkono. Basi yule bwana akazungumza na pazia. Masikini, hakuwa amezoea. Alikuwa analitazama kama linaweza kumjibu vibaya.

Akasema Wazungu wanafika wiki ijayo. Akasema wameshaona hesabu, wameridhika. Wanachotaka ni kumuona mwenye biashara mbele ya tanuri lake.

"Mkaza mwanangu yuko hapo," nikamwambia. "Wamuone yeye. Ndiye anayepika."

"Mama, wamemsoma kwenye barua zangu mama mmoja mzee wa mkate. Wanakuja kwa ajili yake. Ni siku moja tu. Ni saa moja."

Wifi yangu akajibu kabla yangu, hata uso hakuinua kwenye sinia la mchele. "Na kaka yangu naye mwambie arudi kwa saa moja."

Nilimsikia yule bwana anakunywa chai kwa kelele.

Sasa niwaambie jambo, maana watu wamelisema sana nyuma yangu. Mwalimu wa msikiti alileta habari kwamba mwanamke wa edani akiwa hana wa kumlisha anaweza kutoka mchana kwa haja yake, usiku awe kwake. Mkaza mwanangu alinipigia magoti akanambia, mama, ruhusa ipo, twende. Sikwenda. Si kwa kumwogopa wifi yangu, ingawa anaogopeka. Nimekaa na mume wangu ujana wangu wote na uzee wangu wote. Hakuniomba kitu. Hakuniomba dhahabu, hakuniomba nimpikie nyama. Siku hizo za eda ndo kitu pekee chake kilichobaki cha kupewa, na nilitaka nimpe zote, nisizimege moja nikawapa Wazungu. Mpaka leo ukiniuliza nitakujibu vivyo hivyo.

Yule msichana ndo akaja na wazo la simu. Akasema nyanya asitoke, Wazungu nao wasisafiri, wataonana naye kwenye simu, ya picha, kila mtu yuko kwake. Yule bwana akashusha pumzi. Mkaza mwanangu akafurahi. Mie mwenyewe nikafurahi, nikaona Mungu ni mkubwa. Tukamgeukia wifi yangu.

Wifi yangu akaweka sinia chini. Akauliza, hao Wazungu ni wanaume? Akaambiwa ndiyo. Akauliza, watamuona? Akaambiwa kwenye simu tu, wako mbali.

"Jicho ni jicho," akasema. "Liwe la nyama, liwe la kioo."

Mkaza mwanangu akasema basi avae ninja, waone macho tu. Wifi yangu akasema kama wanataka kuona kitambaa cheusi wapelekewe mwavuli. Yule msichana alicheka akaziba mdomo, na mie nikacheka, Mungu anisamehe, nilicheka edani. Tukajadiliana mpaka chai ikapoa. Mwisho tukakubaliana mambo haya: simu itaingia chumbani, mie nitazungumza, watanisikia sauti, na yule msichana atakaa karibu yangu awaambie nilivyo.

Siku yenyewe ikafika. Yule bwana ukumbini, amevaa shati la kupigwa pasi, na simu yake nyingine sikioni. Simu ya picha akaipitisha chini ya pazia, kama mtu anayemlisha sungura. Yule msichana akaipokea. Na kabla haijafika kwangu, wifi yangu akaitupia kanga juu. Ikafunikwa yote, gubigubi.

Nikazungumza na kanga. Nikawasalimu. Nikawaambia karibuni, nikawaambia habari ya mchele na tui, yule msichana anatafsiri. Nikaeleza mume wangu alivyokuwa akichagua nazi. Nilizungumza vizuri, wallahi, nilizungumza kama niko harusini. Na kutoka ndani ya kanga sauti ya Mzungu mmoja ikauliza kitu. Yule msichana akasita.

"Anasema nini?" nikamuuliza.

"Anauliza kama umeme umekatika."

Yule bwana huko ukumbini akaanza kueleza kwa Kizungu, haraka haraka, na mie nikasikia neno la mila, mara mbili tatu, analirudia kwa Kiswahili chake. Kisha Mzungu akazungumza kirefu, kwa upole. Nikamuuliza msichana. Akasema, nyanya, anasema wanaheshimu. Anasema wanaheshimu sana.

Na kweli waliheshimu. Waliheshimu mpaka leo hawajapiga simu.

Yule bwana alirudi mara moja zaidi, bila msichana wake. Akaketi mahali pale pale. Akanambia hawakatai mkate, wala hawakatai mkaza mwanangu. Wanasema wao wanapotia pesa kwenye biashara changa hawana kingine cha kushika ila mtu. Biashara haina historia, haina nyumba ya rehani, hesabu zake ni za miezi miwili. Kwa hivyo wanamtazama mtu usoni, wanaamua. Na uso hawakuupata.

"Na wewe?" nikamuuliza. "Wewe uso wangu umeuona."

Alisogeza kiti. "Mimi nimeuona, mama. Lakini kilichobaki kwangu hakitoshi kujaza hicho kikombe peke yangu. Kuna seremala, kuna yule mama wa Likoni. Nikikupa wewe nawanyima wao, na wao wako katikati ya njia."

"Ingoje eda iishe. Si mbali."

"Kodi ya chumba haingoji. Hoteli hazijalipa. Wanawake wako wawili hawajalipwa." Akavuta pumzi. "Na mimi nimepoteza, mama. Nataka ujue. Tumekosa wote, kama nilivyosema."

Alikuwa anasema kweli. Ningempata na uongo mmoja ningemshika hapo, nipige kelele, roho yangu itulie. Hakuwa na hata mmoja. Aliinuka, akaliambia pazia pole, akagongana na kiti akitoka. Wifi yangu alimsindikiza kwa macho, akasema, "Masikini." Kwa wifi yangu neno hilo ni zito, hajawahi kunipa mimi.

Mengine niliyapata kwa mkaza mwanangu jioni jioni, mie niko kitandani na tasbihi. Leo tumepika nusu. Leo hatukupika, gesi imekwisha. Leo yule mwenye chumba kaja na kufuli. Leo tanuri limechukuliwa, kalinunua mtu wa keki wa huko Mtwapa, kwa bei ya kutupa. Hoteli zilipolipa, pesa iliishia kwa wanawake wawili na mwenye chumba, na yule bwana hakugusa hata shilingi. Hakunidai kitu. Hakuchukua kitanda. Alifanya kila alichosema atafanya.

Eda ikaisha. Wakanitoa vizuri, nisiwadanganye. Wifi yangu mwenyewe aliniogesha, akanivisha nguo mpya, akanitia udi mpaka nikapiga chafya, wanawake wakaja, pakaliwa, pakachekwa. Jioni wifi yangu akakunja godoro lake akarudi kwake Likoni, na nyumba ikawa kubwa ghafla.

Asubuhi yake nilikwenda Bamburi. Sijui nilikwenda kutafuta nini. Chumba kile kinauza vioo sasa. Nimesimama mlangoni najiona mwenyewe mara nyingi nyingi, bibi kizee na buibui jipya. Kijana wa dukani akanikaribisha, akaniuliza nataka kioo cha bafuni au cha ukumbini. Nikamwambia nataka cha kujitazama tu, nikarudi.

Nikasema basi nianze tena nyumbani, kama zamani. Mkaza mwanangu akanitazama kwa huruma. Yeye alikuwa ameshapata kazi ya kufua mashuka kwenye hoteli moja, mmoja wa wale wapishi ndiye aliyempelekea jina. Anatoka gizani anarudi gizani, na mshahara wake ndo unaotulisha. Majiko nilikwishayagawa, na mtu huendi kudai jiko ulilotoa kwa mkono wako. Nikanunua moja dogo kwa kilichobaki kwenye fundo la kanga. Nazi sikuweza. Kongowea nilikwenda, nikazitikisa sikioni, sikusikia chochote, zote zilikuwa sawa kwangu. Nikachukua chache, nikampa mtu wa mkokoteni anibebee, na pesa niliyompa ikala faida ya siku mbili. Nikazikuna mwenyewe, bega likavimba. Mkate ukatoka. Nikakata kipande cha kwanza, nikaweka na chai, nikakitazama. Hapakuwa na wa kuniambia umenuna au haukununa, na mie mwenyewe sikujua.

Nikawa napika siku moja, nalala siku mbili. Wateja wangu walikuwa wameshazoea kwengine. Nyuma ya skuli kuna kijana anauza mkate wa sinia na mashine ya kukunia nazi ya umeme, anauza bei rahisi, na si mbaya. Nimeuonja. Si mbaya hata kidogo.

Nikiwa peke yangu nawaza mambo ya kipumbavu. Nawaza kwamba yule bwana angenikopesha tu, riba na dhambi zake, ningekuwa na deni. Mwenye deni anatafutwa. Anapigiwa simu, anagongewa mlango, anatukanwa, kuna watu wanataka awe hai. Mie sidaiwi na mtu. Yule msichana alinipigia mara moja, sauti ile ile ya uchangamfu, kuniuliza hali. Nikamwambia alhamdulillah. Akasema seremala wa Changamwe sasa ana vijana wengi wa kazi, Wazungu walikwenda kumuona, wakapiga naye picha. Nikamwambia mwambie nimefurahi. Na nilifurahi, si uongo. Kisha akasema nyanya tutaongea, na hatujaongea.

Mwanzo, eda ilipoisha, watu walikuwa wanapiga hodi asubuhi, mkate upo? Nawaambia leo sikupika, kesho. Kesho yake wanakuja wachache, nawaambia kesho. Walikuwa watu wa heshima, hawakunikasirikia. Walipungua tu, mmoja mmoja. Siku hizi ikipigwa hodi ni muuza maji na mkokoteni wake, anauliza mitungi mingapi. Namwambia mmoja.